Tonton Ni Wengi Mno

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Mvua tangu alfajiri. Watoto wamerudi kutoka likizo na wote wamesahau kwamba taa nyekundu ni ya kusimama. Muhula haujaanza vizuri na mimi nimeshachoka.

Jumatano, 5 Septemba

Kazini naandika ripoti kwa Kifaransa mpaka kinaniishia. Hapa kwenye daftari naandika kwa Kiswahili, tena mambo yangu mwenyewe, na Waziri, mume wangu, ameonywa asiguse.

Leo Lucienne, mkuu wa kituo, amenipa Kelly. Kazi yetu hapa Auderghem, Ubelgiji, ni kuwafundisha watoto wenye usonji kuishi mjini bila kuumia: kuvuka barabara, kununua mkate, kupanda metro, kujua nani wa kumwamini. Kelly ana miaka kumi na mitatu na amenizidi kimo. Anaongea kidogo, na anachoambiwa anakishika neno kwa neno. Ukimwambia ngoja dakika moja, dakika ikiisha anaondoka.

Mama yake, Antoinette, ni mtu wa Lubumbashi. Anasafisha ofisi huko Schuman, anaingia saa kumi jioni, wakati ule ule Kelly anatoka kituoni. Mpaka sasa gari la kituo humrudisha mtoto nyumbani Anderlecht, upande wa pili wa mji, na Amira, jirani wa chini mwenye watoto wake wadogo, humpokea mlangoni. Baada ya Noeli gari halitamchukua tena, amevuka umri. Kwa hiyo ama Kelly ajifunze kurudi peke yake kwa metro kabla ya Noeli, ama aende bweni kule Ardennes, mbali na mji, na kumwona mama yake wikendi mbili kwa mwezi.

Antoinette aliposikia hayo ofisini kwa Lucienne alifungua mkoba, akaufunga. Kwenye korido ndipo aliponishika mkono.

"Maman Riziki, niko na mutoto moja tu. Bweni, non."

Nikamwambia tutajaribu. Ni neno ninalolitumia sana nikiwa sijui la kusema.

Jumatatu, 10 Septemba

Tumeanza metro. Njia si shida hata kidogo. Kelly anavijua vituo vyote kutoka Herrmann-Debroux, hapa kwetu, mpaka Saint-Guidon, karibu na kwao, anavitaja kwa sauti kabla treni haijafika, na mimi ninayempeleka ndiye niliyesahau kwamba Thieffry inakuja baada ya Pétillon.

Shida ni watu. Bibi mmoja wa Kibelgiji alimshika mkono amsaidie kushuka, Kelly akamfuata mpaka nje kwenye mvua kama vile wametoka nyumba moja. Nikapanda ngazi mbio na magoti yangu haya. Bibi alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi.

Jumanne, 18 Septemba

Siku nzuri, nadra kwangu. Kwa wiki nzima tumemfundisha Kelly neno inconnu, mtu usiyemjua. Leo akaniuliza, "Inconnu iko wapi?" Alidhani ni kituo. Lucienne akashika kichwa.

Nikaacha Kifaransa, nikamwambia kwa lugha ya nyumbani kwao, ambako tonton ni ami au mjomba, tantine ni shangazi, na muntu ni mtu baki: unaenda na maman, unaenda na tonton, unaenda na tantine. Muntu, hapana. Akarudia mara nyingi, akitikisa vidole. Maman, ndiyo. Tonton, ndiyo. Tantine, ndiyo. Muntu, hapana. Kisha akanigusa bega akasema, "Tantine Riziki, ndiyo." Siwezi kusema sikufurahi.

Lucienne aliandika kanuni hiyo ubaoni kwa herufi kubwa. Alisema huo ndio uzuri wa kuwa na mtu anayejua utamaduni wa familia. Nikavimba kichwa mpaka nyumbani.

Ijumaa, 28 Septemba

Mvua. Kelly ameipenda hapana. Anaiambia hata mashine ya tiketi.

Alhamisi, 4 Oktoba

Mtihani wa kwanza. Kaka yake Lucienne, ambaye Kelly hajawahi kumwona, alimngoja kwenye kituo cha Demey. Akamwambia kwa sauti tamu kwamba mama yake amemtuma, waende pamoja. Mimi nilijibanza nyuma ya nguzo.

Kelly alimtazama tai, akasema hapana, akarudi nyuma, akapanda treni yake.

Lucienne alinikumbatia mbele ya watu. Kaka yake alisema hajawahi kukataliwa haraka hivyo, na yeye hajaoa mpaka leo. Tukacheka mpaka mlinzi akaja kutazama.

Jumapili, 7 Oktoba

Soko la Midi. Nilitafuta lengalenga, mchicha wa kwetu, nikapata, imenyauka. Waziri alibeba mifuko na kulalamika juu ya mgongo.

Karibu na wauza viatu tukawakuta Antoinette na Kelly wakiwa na Kazadi, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Kelly. Kazadi ni mtu wa heshima: koti refu, kofia, sauti ya kuongoza kikao. Ndiye aliyesimamia msiba wa ndugu yake, na mpaka leo hakuna jambo la familia linaloamuliwa bila yeye. Watu wa Katanga wanaomjua walikuwa wakipita, na kila aliyepita Antoinette alimsukuma Kelly mbele kidogo. Salimia tonton. Salimia maman. Huyu pia ni tonton, salimia. Kelly alitoa mkono kwa wote, mmoja mmoja, akirudia taratibu kila jina aliloambiwa.

Kazadi alisema mtoto amekuwa na adabu, watoto wazima wa hapa Ulaya hawamfikii. Antoinette aling'aa uso. Nami nikamsifu Kelly.

Jumanne, 16 Oktoba

Kelly behewa la mbele, mimi la nyuma, mpaka Saint-Guidon. Hakugeuka hata mara moja. Amira alinipa chai ya nanaa na kiti. Nilisinzia kwenye kiti cha watu.

Ijumaa, 26 Oktoba

Idi. Waziri alikuwa na zamu ya ulinzi pale Schuman, kwenye majengo ya Umoja wa Ulaya, akaswali asubuhi na kukimbia. Nilikula pilau peke yangu na nikalala mchana. Sina malalamiko.

Jumatatu, 5 Novemba

Likizo ya Watakatifu imekwisha. Giza linaingia mapema sasa. Lucienne anasema wiki hii tumwache Kelly aende peke yake kabisa, bila mimi nyuma. Nimekubali. Antoinette amekubali pia, ila ameniuliza mara tatu kama nina uhakika.

Alhamisi, 8 Novemba

Niandike yote nikiwa bado nakumbuka.

Kelly aliondoka peke yake kama jana na juzi. Amira hunipigia simu mtoto akifika. Jana alipiga, juzi alipiga. Leo simu ilikaa kimya. Nikampigia mimi. Hajafika. Nikajisemea labda treni imechelewa, nikapiga tena. Hajafika. Nikachukua koti nikatoka.

Niliposhuka ngazi za metro nilikuta watu wamejaa. Treni zilikuwa zimesimamishwa Arts-Loi kwa hitilafu fulani, abiria wote wakaambiwa washuke. Hilo hatukumfundisha Kelly. Tulimfundisha treni inayokwenda, hatukumfundisha treni inayokataa kwenda. Ilibidi nipande basi, basi likakwama kwenye foleni, nikashuka nikatembea kwenye mvua nikimpigia Antoinette, ambaye simu yake huwa kwenye kabati la nguo akiwa kazini. Waziri alikuwa zamu karibu na hapo. Alikwenda kumtafuta jengo kwa jengo, akamkuta ghorofani anasukuma mashine ya kusafishia sakafu.

Antoinette alikuja Arts-Loi na aproni yake ya kazi, kichwa wazi kwenye mvua. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisimama kwenye kila mlango wa kituo akaita jina la mtoto wake, kila mlango, kwa sauti ya kawaida kama anamwita aje kula. Polisi mmoja aliuliza amevaa nini. Koti la njano, akasema. Akauliza ana tabia gani. Antoinette akanitazama mimi nijibu, nami nikakosa Kifaransa, mimi niliyeandika ripoti za Kelly tangu Septemba.

Tulikwenda mpaka Saint-Guidon, tukarudi. Tulishuka vituo vya katikati. Antoinette alikuwa akitazama reli. Nilijua anachokitafuta kule chini na nikamgeuza bega.

Simu yake ilipolia alikuwa ameishika mikono miwili. Mwanamume, Mkongo, anaitwa Polycarpe. Mtoto yuko naye, yuko salama, waje kumchukua kanisani kwao, Ixelles.

Tulimkuta Kelly amekaa kwenye kiti cha plastiki kati ya akina mama wa kwaya, sahani ya wali na madesu, maharage, mapajani, koti la njano limefungwa vifungo vyote. Antoinette alimshika uso, akampapasa mikono, mabega, miguu, kama unavyomkagua mtoto mchanga. Kisha akakaa sakafuni.

Papa Polycarpe ni mzee wa kanisa, mtu mpole. Alieleza kwamba alimwona mtoto wetu amesimama Arts-Loi, watu wanamsukuma huku na huku, akaona huruma. Akamwambia aje: kuya, mwana, mimi tonton yako, nitakupeleka kwa maman. Mtoto akampa mkono. Alimuuliza jina la mama, mtoto akamtajia vituo vya metro. Ibada ilikuwa inaanza, akampeleka kanisani ale kwanza, na baadaye mama mmoja ndiye aliyeona namba ya simu ndani ya begi. Nilipomuuliza kwa ukali kwa nini hakumpeleka kwa polisi, aliumia kweli.

"Kwa polisi, tena? Mutoto yetu? Mimi niko muntu ya namna gani?"

Alikuwa na haki. Kule kwetu Buyenzi, mtaani nilikokulia, ningempikia mtu kama huyo. Lakini nilikuwa nawaza ingekuwaje kama asingekuwa Polycarpe.

Nilichuchumaa mbele ya Kelly. Nikamuuliza kwa nini amekwenda na muntu. Hakunielewa. Nikauliza tena. Akanitazama viatu, kama anavyofanya akiona umekosea jambo jepesi.

"Haikukuwa muntu," akasema. "Ilikuwa tonton."

Hapo ndipo nilipochoka. Kelly hakukosea kitu. Alifuata nilichomfundisha neno kwa neno. Mimi, niliyekulia mtaa ambapo kila mwanamume mwenye ndevu ni tonton na kila mwanamke aliyefunga kitenge ni maman, nilimpa mtoto huyu funguo za mji mzima nikamwambia ni za chumbani kwake.

Ijumaa, 9 Novemba

Lucienne anataka kusimamisha mazoezi ya metro. Bweni lina nafasi Januari. Nimemwomba mpaka mwisho wa muhula.

Ilinibidi nimweleze tonton. Kwake ni kaka wa baba au wa mama, basi. Akauliza Kelly anao wangapi. Nikamwambia wote. Akadhani sikusikia swali. Nikamwambia, Lucienne, wewe mwenyewe ukija Anderlecht kesho utakuwa maman. Akaenda ubaoni akafuta ile kanuni kwa mkono.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimekwenda kwa Antoinette. Kelly alikuwa chumbani anapanga tiketi zake za zamani. Nyumba ndogo, safi, picha ya marehemu juu ya televisheni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nisiseme uongo, tangu Oktoba nimekuwa nikimwona Antoinette mkaidi: kila anapomsukuma mtoto asalimie, mimi nilikuwa nikisonya moyoni, na baada ya juzi nilijua kwa nini. Nikamweleza kanuni mpya. Kila asubuhi maman atamwambia Kelly jina la mtu mmoja atakayempokea siku hiyo. Huyo tu. Mwingine yeyote, awe tonton, awe tantine, awe mchungaji, Kelly asimfuate. Na ili kichwa chake kisichanganyikiwe, maman aache kumwita kila mtu tonton na aache kumlazimisha kutoa mkono.

Alinisikiliza huku anakunja nguo.

"Donc unataka nifundishe mutoto yangu kukatala bakubwa."

Nikasema ndiyo, awakatae wakubwa.

"Hata tonton yake ya kweli?"

Nikasema ndiyo, kama hakutajwa asubuhi.

Aliendelea kukunja. Alikunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Maman Riziki, pale kanisa, pale Midi, bantu banasema mutoto ya Antoinette iko fou. Nimezoea. Lakini bananiambiaka pia: fou, mais iko na adabu. Njo kitu moja tu banamusifiaka. Sasa weye unataka niitoshe ile."

Fou ni kichaa, na adabu ndiyo sifa pekee mtoto aliyobaki nayo, nami nilitaka kuiondoa. Nilikuwa nimemwona mama anayejionyesha mbele ya watu, kumbe alikuwa anamtafutia mtoto wake mahali pa kusimama katikati yao. Ile mikono yote aliyomsalimisha ilikuwa kazi kama yangu, na ameifanya miaka kumi bila kituo, bila ubao na bila mshahara. Nilitaka kuondoka.

Badala yake nikasema kwamba Papa Polycarpe alikuwa mtu mwema, na kwamba hatutabahatika kila mara. Antoinette akasema anajua. Akasema hajalala tangu juzi kwa kulijua hilo. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatano, 14 Novemba

Mgomo. Hakuna treni. Nimebaki nyumbani na soksi mbili mbili.

Jumanne, 20 Novemba

Nimemtumia Waziri kwa mtihani, kwa kuwa kaka yake Lucienne, kwa tai yake na Kifaransa chake, hawezi kuwa tonton wa mtu. Alimsogelea Kelly pale Mérode, akamwambia, mimi tonton Waziri, maman amenituma. Kelly akampa mkono papo hapo. Waziri alimleta kwangu wameshikana, uso wake umekunjamana.

"Riziki, hii kazi yenu mbaya," akasema.

Asubuhi Antoinette alikuwa amesahau kumtajia jina. Au hakusahau. Sikumuuliza.

Alhamisi, 22 Novemba

Hakuna mvua! Basi likachelewa.

Jumanne, 27 Novemba

Antoinette ameanza. Asubuhi, kabla ya uji, anamkalisha Kelly kitandani na kumwambia, "Leo Amira. Haina muntu ingine." Kelly anakuja nayo kituoni na kuirudia siku nzima. Wakati wa hesabu: leo Amira. Chooni: leo Amira. Mwalimu wa muziki ameniuliza Amira ni nani huyu.

Waziri alijaribu tena jioni. Alitumia kila kitu, mpaka biskuti. Kelly alisema, "Leo Amira," akampita.

Nilidhani Waziri atafurahi. Kwenye chakula akasema alijua ni mchezo, lakini mtoto alimpita bila hata kumtazama, kama nguzo, na hilo limemkaa. Nikamwambia ndivyo tunavyotaka. Akasema anajua ndivyo tunavyotaka, apewe maji.

Jumapili, 2 Desemba

Midi tena, baridi ya kukata masikio. Sikwenda kwa ajili yao, nilikwenda kununua samaki, lakini nikawakuta penye wauza beignets, maandazi: Antoinette, Kelly, Kazadi na rafiki zake wanne au watano. Nikasalimia na kujitenga kidogo.

Kazadi alikuwa amechangamka. Akanyoosha mkono.

"Kelly, kuya na tonton, tuende tuuze beignets pale."

Kuuza kwao ni kununua. Kelly aliutazama mkono. Akauweka wake mfukoni.

"Leo maman," akasema. "Haina muntu ingine."

Mmoja wa wale rafiki alicheka, halafu akaacha. Kazadi alibaki na mkono hewani. Hakumwangalia mtoto, alimwangalia Antoinette, na akaongea taratibu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Njo namna unamulea? Mimi, niko muntu ingine? Mimi nilimuzika baba yake."

Niliona Antoinette anavyopumua. Neno moja tu lilitakiwa, salimia tonton, na kila kitu kingerudi mahali pake: Kazadi angecheka, beignets zingeliwa, na mimi ningeanza upya na Kelly kesho mpaka Januari imkute kwenye gari la Ardennes. Mwanamke huyu hana ndugu mwingine hapa. Akiumwa, ni Kazadi. Akifa, ni Kazadi. Alinitazama, na ninakiri niligeuza macho kwenye samaki wangu, sikutaka kumsukuma.

"Beau-frère," akamwambia shemeji yake, "kama unamupenda, acha akukatale."

Kazadi alivaa vizuri kofia yake. Akaaga wenzake, hakumuaga Antoinette, akaondoka kuelekea kwenye tramu. Kelly alikuwa anatazama njiwa. Antoinette alinunua beignets mwenyewe, akampa Kelly, akanipa na mimi, na sote watatu tulizila tumesimama. Zilikuwa zimepoa.

Ijumaa, 7 Desemba

Theluji. Watoto wameila. Kazadi hapokei simu za Antoinette.

Alhamisi, 13 Desemba

Lucienne ameridhika kiasi, hajaridhika kabisa. Anasema Waziri si kitu kwa Kelly, na Kazadi alikataliwa mama akiwepo. Wanaowadhuru watoto hawa, mara nyingi ni watu wanaowajua na kuwapenda. Anataka mtihani wa mwisho na mtu ambaye Kelly anamwamini bila kufikiri. Nilipotaja majina ya wengine, alikuwa ananitazama mimi tu.

Nikamwambia hapana. Nimekuwa nikimshika mkono mtoto huyu tangu Septemba. Kuna siku nyingine ni mkono wangu tu anaoukubali. Nikamwambia nimechoka, amtafute mwingine. Akasema hakuna mwingine, na nilijua.

Nimempigia Antoinette kumweleza. Akasema, "Na weye sasa." Hakusema kwa ubaya.

Jumatatu, 17 Desemba

Mafua. Nimekwenda kazini hivyo hivyo. Kelly aliniletea karatasi ya kupangusa pua, bila mtu kumwambia. Afadhali asingeniletea.

Alhamisi, 20 Desemba

Kesho tunafunga.

Asubuhi Antoinette alinitumia ujumbe kwamba amesema Amira. Nilishuka Mérode kabla ya Kelly, nikasimama pale milango ya behewa la mbele hufunguka. Lucienne alikuwa upande wa pili wa reli, amejificha vibaya nyuma ya gazeti. Nilijiombea mambo mawili yasiyopatana, kwamba asinifuate, na kwamba anifuate.

Treni ikaja. Kelly alikuwa amesimama karibu na mlango, anataja Schuman kabla haijafika. Aliponiona alitabasamu. Hatabasamu kwa watu wengi, nimeandika hilo kwenye ripoti zaidi ya moja.

"Kelly, kuya," nikasema. "Shuka. Maman amenituma, tuende pamoja."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Aliutazama mkono wangu, mguu wake mmoja ukasogea mpaka ukingoni mwa mlango. Akasimama hapo. Niliona anavyofanya kazi kichwani, midomo inacheza.

"Leo Amira," akasema.

Lucienne alikuwa ameniambia nisikubali jibu la kwanza, kwa sababu mtu mbaya hakubali jibu la kwanza. Sauti yangu ilikuwa na mafua na kitu kingine.

"Mimi tantine yako, Kelly. Tantine Riziki."

Aliurudisha mguu ndani. Akanitazama, safari hii machoni, jambo ambalo halijawahi kunitokea naye tangu nimjue.

"Hapana," akasema. "Weye muntu."

Kengele ikalia, milango ikajifunga. Nilimwona kupitia kioo anageuka mbele, akatamka kituo kinachofuata, na treni ikaondoka naye.

Lucienne alikuwa anapunga gazeti kutoka ng'ambo, anacheka na kulia. Nikapunga mkono. Nikaketi kwenye benchi na simu mapajani, nikasubiri safari nzima, Schuman, Arts-Loi, De Brouckère, mpaka kule. Amira alipiga. Amefika, amevua viatu, ameomba maji. Nikampigia Antoinette, ambaye leo simu yake ilikuwa kwenye aproni, kinyume cha sheria ya kazi yake. Nilipomwambia amefika peke yake, na kwamba hata mimi amenikataa, nilisikia mashine ya kusafishia sakafu inazimwa. Alilia muda mrefu na nikamwacha alie. Kisha akasema, "Aksanti, maman Riziki. Pole."

Bweni halipo tena. Nilisema alhamdulillahi, nikapangusa pua, nikavuka kwenda upande wa pili na kupanda treni ya kurudi Auderghem, muntu kama bantu bengine.